Maswali ya wasomaji: "Wameniambia niseme natoka Marekani"

Shule za Thailand zinafungua katikati ya Mei, so kuanzia Aprili hivi barua za walimu wapya hunifikia nyingi kuliko za kitu kingine chochote, wengine washafika huko na wengine bado wanahangaika na makaratasi nyumbani. Kwa wasionijua, mie ni mzaliwa wa Mombasa na nafundisha Kiingereza Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, tangu 2015. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, na kwa sababu jambo lenyewe limewapata wengi wetu tukalinyamazia.

SWALI: Dada Mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 26 kutoka Kakamega. Nimesomea ualimu, Kiingereza na fasihi, lakini kazi ya serikali sijapata so nikawa nafunza shule ya praiveti kwa pesa kidogo sana mpaka nikapata hii ya Thailand kupitia kwa ejenti. Niko mkoa wa Roi Et, wiki ya tatu sasa, shule ya serikali, darasa moja watoto 45. Siku ya kwanza mwalimu msimamizi aliniita pembeni akaniambia kwa upole kabisa kwamba wazazi hupenda mwalimu wa Marekani ama Uingereza, kwa hivyo nikiulizwa niseme natoka Marekani. Nilishtuka nikanyamaza. Tangu hiyo siku watoto wakiniuliza natoka wapi natabasamu tu naanza kuandika ubaoni. Usiku nalala nikiwaza, kwani mimi ni mwalimu wa Kiingereza kweli ama ni tapeli, Kiingereza nimejifunzia shule, nyumbani tunaongea Kiluhya na Kiswahili. Alafu chakula ni pilipili tupu, walimu wenzangu wananitabasamia lakini hatuongei, watoto wananishika ngozi na nywele, nikirudi kwa rumu jioni nalia. Na watu wa nyumbani washaanza kuomba pesa na hata mshahara wa kwanza sijauona. Nivumilie ama nirudi?
Ticha Mgeni, Roi Et

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kulia wiki ya tatu si ugonjwa, tumelia wengi, tena ya tatu ndiyo mbaya kuliko ya kwanza manake ya kwanza bado unashangaa kila kitu, ya tatu mshangao umeisha na nyumbani bado ni mbali vilevile.

Sasa hilo la Marekani. Usiseme. Hata mara moja usiseme. Kwanza haliwezi kufichika, pasipoti yako karani ameishika, kibali cha kazi kitaandikwa uraia wako, ofisi ya uhamiaji ya mkoa wanajua, na Roi Et si mji mkubwa, haitachukua muda mzazi mmoja anayefanya kazi ofisi ya serikali apate kujua. Siku hiyo yule aliyekwambia useme hatasimama na wewe, utabaki wewe mgeni uliyewadanganya watoto wa watu. Lakini hata kama lingefichika miaka kumi bado ningekwambia usiseme, kwa sababu uongo huo utakuziba mdomo darasani. Hutaweza kuwasimulia habari za mamako, za shule uliyosoma, za mvua ya Kakamega inayonyesha kila jioni, na mwalimu wa lugha asiyeweza kujisimulia atafundisha nini? Mwaka wangu wa kwanza mie niliambiwa hivyo hivyo na nikakubali nusu, nikawa nasema nimesomea Uingereza na Uingereza sijakanyaga. Muhula mzima mtoto akinyoosha mkono kuuliza swali tumbo linanikata. Sitaki upite hapo.

Fanya hivi. Mtafute msimamizi wako akiwa peke yake, si mbele ya wenzake. Wathai wana kitu wanakiita kreng jai, ni ile hali ya kumstahi mwenzio hata uone tabu kumsumbua au kumkatalia, na hiyo ndiyo inayoendesha karibu kila kitu shuleni, hawatakwambia hapana waziwazi na hawategemei na wewe uwaambie hapana waziwazi. Kwa hiyo usiende na hasira. Mwambie kwenu Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili, iko kwenye katiba ya 2010, masomo umesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, digrii yako ni ya hiyo hiyo lugha, na ungependa uandike karatasi moja fupi ya kujitambulisha kwa wazazi, mwalimu wa Kithai aitafsiri. Hapo umempa njia ya kutokea bila kuaibika. Nimeona wasimamizi wengi wakikubali papo hapo, manake kinachowatisha ni maswali ya wazazi, ukiwapa jibu la kuwajibu wanatulia.

Alafu Jumatatu ingia darasani na ramani. Chora Afrika ubaoni, tia nukta Kenya, andika Nairobi, andika Kakamega. Waonyeshe video ya Kipchoge akikimbia maratoni pale Vienna 2019 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, waambie wahesabu ni kilomita ngapi kwa dakika, utashangaa wanavyoongea Kiingereza bila kujua wanaongea. Simba wa Mara wanamjua tayari kutoka kwenye TV. Wafundishe kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kiswahili dakika tano za mwisho kila Ijumaa kama zawadi. Kile unachokificha sasa ndicho kitakachowafanya wakupende.

Na hili la kujiita tapeli liache leo. Wewe Kiingereza umejifunza, hukuzaliwa nacho, kwa hiyo unajua mlango ulioingilia. Sikiliza watoto wako vizuri. Kithai neno haliishii na sauti ya l, l ya mwisho inageuka n, ndiyo maana futboli kwao ni futbon. Haliishii na s pia, s inageuka t au inapotea kabisa, so mtoto akisema ana paka wawili ile s ya wingi husikii, usifikiri hajui wingi, mdomo wake haujazoea. V inakuwa w. Sh inakuwa ch. R na l zinabadilishana viti, na wewe uliyekulia Kenya hilo umelisikia tangu utotoni, sina haja ya kukueleza. Tena neno la shule wao huliingizia vokali katikati, wanasema sakun, na kwetu Mkikuyu amesema cukuru miaka yote, jambo ni lile lile, ulimi unakataa konsonanti mbili kukaa pamoja bila vokali. Mtu aliyezaliwa London anasikia kosa tu. Wewe unasikia sababu, na unakumbuka mwalimu wako wa darasa la tatu alivyokurekebisha. Weka kioo kidogo mezani, waonyeshe midomo inavyokaa, waimbe, wapige makofi kwa silabi.

Kitu kimoja tu usikibebe kutoka kwetu ni kumtia mtoto aibu kwa lugha yake. Wengi wetu tulivishwa monto shingoni, kile kibao cha aibu, kwa kuongea lugha ya mama, na nimekutana na walimu wa kwetu waliokuja huku wakaanza kutoza faini mtoto akisema neno la Kithai. Hapana. Na kiboko usiguse, kanuni za wizara ya elimu za huku zinakataza, na hata zisingekataza. Ile salamu yao ya kuimba, am-fain-thenkyu-endyu, usiidharau pia, sisi tuliimba ya kwetu tukiwa tumesimama wima vilevile. Ianzie hapo, siku moja mwambie mtoto mmoja leo umechoka, mwingine leo una njaa, wajifunze kwamba jibu linaweza kubadilika.

Upweke. Walimu wenzio hawakuchukii, wanaogopa Kiingereza chao mbele yako kama wewe unavyoogopa Kithai chako mbele yao. Mtu mmoja inabidi aanze kukosea kwanza, anza wewe. Kithai kina toni tano, neno moja likipanda au kushuka maana inabadilika, so utakosea sana na watacheka, na kicheko cha huko mara nyingi ni cha kukukaribisha. Usile mchana peke yako darasani hata kama una kazi ya kusahihisha, nenda pale walimu wa kike wanapokaa na vibakuli vyao. Uko Isan mdogo wangu, ndiko kaskazini mashariki kwetu huku, na Isan wanakula khao niao, wali wa kunata, kwa mkono, unafinyanga tonge unachovya, kama sima kabisa. Siku ya kwanza nilipofinyanga tonge vizuri bila kufundishwa, mama mmoja wa jikoni aliita wenzie waje waone, na kuanzia siku hiyo nikawa na kiti changu pale. Pilipili sema mai phet, yaani isiwe kali, ingawa ya kwao isiyo kali bado huwa na kidogo. Sokoni asubuhi kuna mchicha, wanauita phak khom, kuna mihogo tele manake Isan ni nchi ya mihogo, kuna ndizi za kila aina. Sukuma wiki zile za kwetu utazikosa, lakini ukila mboga inaitwa phak bung iliyokaangwa na kitunguu saumu utapata nguvu ya kungoja.

Saa nayo itakupa raha. Wageni wengine wanaumia kichwa na saa za jioni za Kithai lakini wewe hutaumia, manake saa ya kwanza ya usiku wao ni saa moja yetu. Nueng thum ni saa moja usiku, song thum saa mbili, sam thum saa tatu, mpaka saa tano. Mie niliposikia hivyo mara ya kwanza machozi yalinilenga, nilihisi kama mtu ameniita jina langu la nyumbani. Miaka ndiyo uangalie, wao wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha iliyotangulia yetu miaka 543, kwa hiyo 2025 kwao ni 2568, usije ukaona tarehe ya mkataba ukadhani imekosewa.

Kuhusu ngozi na nywele, wengi hawajawahi kumuona mtu mweusi ana kwa ana. Utasikia neno dam, maana yake nyeusi, wakati mwingine ni udadisi tu na wakati mwingine ni dharau, na utajifunza kutofautisha kwa sauti. Nchi imejaa matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi, watoto wamelishwa hilo tangu wadogo, si wewe uliyelileta na huwezi kulimaliza muhula mmoja. Lakini kanuni ya darasa unaweza kuiweka, kwamba kumgusa mtu unamuuliza kwanza kwa Kiingereza, na wewe ufuate hiyo hiyo, usimguse mtoto kichwani hata kwa kumpongeza, kichwa kwao ni kitu cha heshima kubwa, na miguu usimnyooshee mtu.

Watu wa nyumbani waambie ukweli kwa namba. Waambie mshahara unaingia mwisho wa mwezi, waambie nyumba inatakiwa dipoziti ya miezi miwili na kodi ya mwezi wa kwanza, waambie ejenti anakata chake, na kwamba mpaka mwezi wa tatu hutatuma chochote. Sema mara moja kwa simu kwa mama, si kwa grupu la familia. Ukianza kutuma pesa ya kukopa mwezi wa kwanza hutatoka hapo.

Kurudi usirudi sasa. Oktoba shule zinafunga mapumziko ya katikati ya mwaka, fika hapo. Mwezi Juni, mara nyingi huwa Alhamisi, kuna sherehe ya Wai Khru, watoto wanapiga magoti mbele ya walimu wao na kuwapa maua, kila mwalimu, na wewe utakuwa umekaa kwenye kiti mbele. Nataka siku hiyo uwe hapo kwa jina lako na nchi yako.

SWALI: Ticha, mimi ni kijana wa Kisumu niko Udon Thani mwezi wa pili. Ejenti alisema kibali cha kazi kiko njiani, viza yangu ya siku 90 inaisha baada ya wiki tatu, nikimuuliza anasema usijali. Mshahara nao walisema elfu 32 za baht, pesa ya huku, nikapata elfu 24. Nifanye?
Omera, Udon

JIBU: Jali, ndugu yangu. Hao wanaosema usijali si wao watakaosimama mbele ya afisa.

Viza ya Non-B uliyoingilia, ile ya anayekuja kufanya kazi, ni ya siku 90, na ndani ya hizo siku shule inatakiwa ikuombee ruhusa ya kufundisha kutoka baraza la walimu, linaitwa Khurusapha, ipate kibali cha kazi kutoka idara ya ajira, alafu ndio uende uhamiaji kuongezewa ukaaji mpaka mwisho wa mkataba, ada ni baht 1,900. Vyote vinafuatana, kimoja kikikwama vingine havisogei. Na ufahamu kwamba kisheria ukifundisha bila kibali cha kazi kosa ni lako pia si lao peke yao, faini yake kwako ni baht elfu 5 mpaka elfu 50 na kurudishwa kwenu. Kwa hiyo kesho asubuhi acha ejenti, nenda kwa karani wa shule mwenyewe, bila hasira, muulize faili lako limefika wapi na nini kimekosekana. Mara nyingi kumekosekana kitu kidogo kweli, digrii haijathibitishwa, cheti cha tabia njema kimechelewa, au matokeo ya TOEIC, ule mtihani wa Kiingereza, hayapo, manake sisi huku tunahesabiwa si wazungumzaji wazawa na wanatutaka mtihani, alama 600 ndiyo wengi huitaja. Kama bado hujaufanya fanya wiki hii.

Viza ikiisha ukabaki unatozwa baht 500 kila siku mpaka ifike elfu 20, na ukizidi siku 90 unafungiwa kurudi nchini. Ikibidi toka nchini kabla ya tarehe uombe upya, ni gharama, lakini ni ndogo kuliko muhuri mbaya kwenye pasipoti. Ukishaongezewa mwaka kumbuka pia kuripoti anwani yako uhamiaji kila siku 90, na ukitaka kusafiri nje nunua kibali cha kurudi kabla hujapanda ndege, mara moja ni baht 1,000, usipokuwa nacho ule mwaka wote unafutika pale pale uwanjani. Nimemuona mtu aliyeenda kumzika babake akarudi akaanza upya kila kitu kwa sababu hiyo, na hakuna aliyemwambia.

Mshahara toa mkataba uusome, ule wa Kithai si tafsiri ya Kiingereza peke yake, manake wakigombana watu ule wa Kithai ndio husomwa. Angalia pia kama ni wa miezi 10 au 12, Machi na Aprili wengi hawalipwi na wanagundua wakati huo. Kama umeandikwa 32 na unapata 24 bila maelezo, piga simu wizara ya kazi 1506, wanapokea malalamiko ya wageni pia. Lakini mwenye kibali hulalamika bila hofu, ndiyo maana nimeanza na kibali.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Mwanza nina diploma. Kuna mtu amenitafuta kwa WhatsApp anasema wanatafuta mwalimu wa Kiingereza wa kufundisha wafanyakazi wa kampuni, tiketi wanalipa wao, viza ya utalii kwanza, mshahara dola 1,500, natua Bangkok napokelewa na gari mpaka Mae Sot. Wananisukuma nijibu wiki hii. Unaonaje?

JIBU: Usiende. Mdogo wangu, tafadhali usiende.

Mae Sot ni mji wa mpakani mkoa wa Tak, ng'ambo ya mto Moei ni Myawaddy, Myanmar, na huko kuna maboma makubwa ambamo vijana wanafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni mchana na usiku, wasipofikisha kiwango wanapigwa. Wakenya, Waganda, Waethiopia, Watanzania, Warundi wamekamatwa humo, wengi waliahidiwa kazi nzuri Thailand, za ofisi, za kompyuta, za kufundisha. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti kwenda upande ule na watu zaidi ya 7,000 wakatolewa, na waliotolewa walikaa wiki na wiki mpakani wakisubiri kurudishwa makwao. Maboma hayajaisha.

Shule ya kweli haikulipii tiketi kabla hujaanza, haikuleti kwa viza ya utalii, haikuharakishi. Inakupa barua yenye anwani ya kuombea viza ya Non-B kupitia ubalozi wa Thailand, Nairobi, na inakuuliza maswali ya kufundisha kwenye intavyuu, si urefu wako na kasi ya kuchapa. Waulize jina la shule, alafu itafute shule yenyewe upige simu ofisini kwao wewe. Na kama kuna ndugu yako yeyote keshapelekwa huko, polisi wa watalii Thailand ni 1155 na simu ya kupambana na usafirishaji wa watu ni 1300, na ubalozi wa nchi yenu uambiwe siku hiyo hiyo. Kile kiasi cha dola 1,500 kinajaribu hasa mtu aliyekaa bila kazi, nakuelewa, lakini mwalimu mpya wa kwetu kwenye shule ya mkoani huanza na baht elfu 25, elfu 30 hivi, ambayo ni pungufu sana ya hiyo. Anayekuahidi mara mbili kwa diploma bila kukuona ukifundisha hakununui ualimu wako.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Mimi wa Unguja, navaa hijabu, nimepata shule Chiang Mai. Nitaishije, nitakula nini?

JIBU: Waaleikum salaam. Utaishi vizuri inshallah. Waislamu Thailand ni wenyeji, si wageni, kusini kule Pattani, Yala na Narathiwat wao ndio wengi, na Chiang Mai yenyewe kuna msikiti wa Ban Ho katikati ya mji na Ijumaa asubuhi pale karibu kuna soko, nenda siku yako ya kwanza, utapata mpaka samosa. Madukani tafuta alama ya halali kwenye pakiti, iko kwenye vitu vingi. Ujihadhari na vibanda vya barabarani manake mafuta ya nguruwe yanaingia kwenye vyakula usivyodhani, hata mboga. Hijabu waambie shule mapema kwenye intavyuu wakubali wakijua. Asubuhi saa mbili kamili bendera inapandishwa wimbo wa taifa unaimbwa, simama kwa adabu kama wote, na ikifika dua ya Kibudha wewe simama kimya tu, hakuna atakayekulazimisha kuunganisha mikono. Salamu ya wai, kuunganisha viganja na kuinama kidogo, ni heshima kama shikamoo, wala si ibada. Na mfalme usimtanie wala kumjadili, na mtu yeyote, hata kwa simu, sheria yake ni ya jela.

SWALI: Dada Mwalimu, nasafiri wiki ijayo kutoka Nairobi kwenda Buriram. Nibebe nini ambacho huko sitapata? Mke wangu anafuata Oktoba.

JIBU: Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano weka pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku, watakuuliza ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, kabla ya dirisha la uhamiaji. Vyeti vyako asilia vibebe mkononi, na nakala zake uziweke kando.

Viatu bebea pea tatu, namba kubwa mikoani ni shida, viwe vya kuvua upesi manake unavua mlango wa darasa na ofisi siku nzima. Mashati mepesi ya mikono, moja la njano kwa Jumatatu kwani walimu wengi wanavaa njano siku hiyo kwa heshima ya mfalme, na suruali nyeusi na shati jeusi. Mie Oktoba 2016 mfalme Bhumibol alipofariki sikuwa na nguo nyeusi hata moja, na tulivaa nyeusi shuleni mwaka mzima, nikaazimwa gauni na mama mwenye nyumba. Pikipiki utaipata huko na wanaendesha kushoto kama sisi, ila ajali ni nyingi mno, kofia ya kichwa nunua nzuri siku ile ile unayonunua pikipiki, na leseni upate ya huko.

Mkeo mwambie Oktoba aje na nywele za kusuka za kutosha mwaka, mafuta ya ngozi anayoyatumia manake mengi ya huko yametiwa dawa ya kung'arisha na inabidi usome chupa moja moja, na sketi zinazopita magoti kama na yeye atafundisha. Na kilo mbili za unga wa sima, usisahau mwiko.